Re: Kidonge kipya cha sukari cha mama, Mikindani

Ndugu zangu, asalaam aleikum.

Mama yetu yuko Mikindani, ana kisukari aina ya pili. Kliniki wamempa metformin asubuhi na jioni, pamoja na glibenclamide asubuhi. Analalamika vidonge vimekuwa vingi, maana ana vya presha pia. Dada yetu wa Muscat amempa mtu anayekwenda nyumbani amfikishie Janumet, akisema ni kidonge kimoja chenye kazi ya viwili. Mzigo unafika wiki hii. Aanze tu? Zile za zamani azimalize kwanza, au azimeze pamoja?

Mwana wa Mikindani, Leicester

---

Waaleikum salaam, kaka.

Tafadhali mpigie simu anayekaa na mama leo hii, asimpe kidonge hicho mpaka kliniki waione boksi. Mimi ni mfamasia huku Birmingham, kwetu Newala, na jambo hili linanitia hofu kila linapojitokeza.

Janumet ni sitagliptin na metformin ndani ya kidonge kimoja. Jina kubwa la mbele halikwambii hivyo. Tazama maandishi madogo. Ikiandikwa 50/1000, maana yake sitagliptin miligramu 50 na metformin miligramu 1000. Mara mbili kwa siku ni metformin 2000, kiasi ambacho kwa watu wengi ndiyo dozi kamili. Akiongeza na metformin ya kliniki, anameza dawa ileile mara mbili bila mtu yeyote nyumbani kujua, kwa sababu maboksi hayafanani.

Halafu kuna glibenclamide, na hapa naomba unisikilize vizuri. Dawa hii hulilazimisha kongosho litoe insulini hata kama mama hajala. Kwa mtu mzima, hasa ambaye figo zimechoka, hukaa mwilini muda mrefu. Ukiiongezea sitagliptin, hatari ya sukari kushuka inapanda, ndiyo maana daktari huweza kuipunguza dozi au kuiondoa kabisa. Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, maneno kutoeleweka. Nyumbani wengi watasema ni malaria au ni uzee, wamfunike shuka alale. Wasimwache alale! Wampime. Ikiwa chini ya 4 (mashine za Marekani zitaonyesha chini ya 70, maana zinahesabu kwa mg/dl, gawanya kwa 18 upate mmol/l), wampe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, wapime tena baada ya dakika 15, warudie ikiwa bado iko chini. Ikipanda, ale chakula: uji, muhogo, chochote kilichopo. Mashine ikikosekana na dalili zipo, wampe sukari hivyohivyo. Akiwa amezimia wasimtie kitu mdomoni, wamkimbize hospitali. Na hata akizinduka, glibenclamide inaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo usiku huo asilale peke yake.

Kliniki waombwe pia kipimo cha figo, yaani kreatinini. Figo zikiwa zimeshuka sana metformin husimamishwa, na sitagliptin nayo hupunguzwa. Na siku akiharisha au kutapika, au akishindwa kula na kunywa, metformin isimame na kliniki wapigiwe.

Sasa neno ambalo huenda dada wa Muscat hatalipenda, namwomba radhi mapema. Kidonge kutoka nje kina tatizo la pili: kikiisha, nani ataleta kingine? Mama akishazoea, kisha boksi likose mtu wa kulibeba mwezi mzima, sukari itapanda na watarudia dawa za zamani kwa kukisia. Bora kwanza muulize kwenye maduka ya dawa Mtwara mjini kama ipo na bei yake. Kama haipatikani kwa uhakika, pesa hiyo iende kwenye dawa aliyoandikiwa na kliniki, na kwenye vijiti vya kupimia, ambavyo familia nyingi hukatia tamaa mapema.

Nitumie picha za maboksi yote anayotumia, hata ya Septrin, ile dawa ya kuua bakteria, kama ameandikiwa, maana ikikutana na glibenclamide inaweza kushusha sukari.

Dada wa Newala

---

Dada, shukrani. Mzee wangu yuko Mtama, Lindi, anameza hizo mbili za kliniki. Msimu wa korosho hakosi uraka, ile pombe ya mabibo. Nimwambieje?

Houston

---

Mwambie kwa heshima lakini bila kuzunguka. Pombe juu ya glibenclamide huishusha sukari, zaidi akinywa tumbo tupu shambani, na wenzake watadhani amelewa tu. Metformin nayo na pombe nyingi huweza kuleta asidi mbaya kwenye damu. Gongo la mabibo ndiyo baya zaidi, aliache kabisa. Kuhusu uraka, aseme ukweli kliniki anakunywa kiasi gani, wasimfichie daktari kwa aibu.

Dada wa Newala

---

Nimempigia mpwa wangu, boksi ameliweka kando. Jumatatu atampeleka mama hospitali ya Ligula na dawa zote kwenye mfuko mmoja, na dada wa Muscat amekubali. Swali la mwisho: Ramadhani anafunga.

Leicester

---

Alhamdulillahi. Alitaje hilo Jumatatu hiyohiyo, lisingoje mwezi uandame, kwa sababu glibenclamide ya asubuhi haiendi na saumu. Daktari ndiye atakayepanga upya saa na dozi, au abadilishe dawa. Kutoboa kidole hakuharibu saumu, kwa hiyo apime mchana bila wasiwasi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7 (kwa mmol/l), afungue palepale, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Dada wa Newala