LCSW au LPC? Nina digrii ya ustawi wa jamii ya Bongo, nipo Houston

Mzaramo_Houston
Wakuu, heshima mbele. Nilisoma digrii ya kwanza pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, nikafanya kazi halmashauri miaka minne kabla sijaja huku. Sasa hivi nalea wazee majumbani, zamu za usiku, na mgongo umeanza kudai haki yake. Nataka kurudi kwenye fani, na siyo kujaza fomu: nataka kukaa na mtu na kumpa tiba. Nisome MSW (masta ya ustawi wa jamii) nielekee LCSW (leseni ya ustawi wa jamii inayoruhusu kutoa tiba) hapahapa Texas, nisome masta ya ushauri nasaha nipate LPC (leseni ya mshauri nasaha), au nihamie Minnesota kwa shemeji? Mama watoto anataka jibu mwezi huu huu.

BintiPwani
Karibu kaka. Mimi ni LMSW (leseni ya masta, ngazi moja kabla ya LCSW), naendelea kuhesabu saa za kazi chini ya msimamizi. Usianze na jimbo, anza na hiyo digrii yako. CSWE, wanaotoa ithibati kwa vyuo vya ustawi wa jamii Marekani, wana huduma ya kupima digrii za nje. Wakikubali kwamba yako ni sawa na BSW, digrii ya kwanza ya ustawi wa jamii ya huku, baadhi ya vyuo vitakupokea kwenye MSW fupi, karibu nusu ya muda wa kawaida. Nina rafiki aliyesoma miaka miwili mizima kwa sababu hakuna aliyemwambia hilo.

Baada ya MSW unafanya mtihani wa leseni wa ASWB (muungano wa bodi za leseni za ustawi wa jamii) ngazi ya masta na ule wa sheria za jimbo, unakuwa LMSW. Ndipo zinaanza saa 3,000 za kazi ya kliniki chini ya msimamizi, kwa muda usiopungua miezi 24, na ndani yake saa 100 za kukaa naye kujadili kesi. Kisha mtihani wa kliniki, unakuwa LCSW.

Nasaha_Dallas
Mimi ni LPC, nitetee kwangu kidogo. Saa ni 3,000 vilevile, 1,500 kati yake uso kwa uso na mteja, ila unaweza kumaliza kwa miezi 18. Zamani walitucheka kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haitulipi. Tangu Januari 2024 inatulipa. Kama ndoto yako ni chumba chako na viti viwili tu, LPC inatosha kabisa.

Ila kwa hali yako mkuu, ningekuwa wewe ningeenda LCSW. Kwetu LPC digrii yako ya Kijitonyama haikupunguzii kitu, masta unaisoma yote. Halafu MSW inafungua milango mingi: hospitali, hospisi, hata kliniki za kusafisha damu, ambazo kwa kanuni ya serikali kuu lazima ziwe na mtu wa MSW.

BintiPwani
Hapo kwenye kusafisha damu uliza kwanza kama saa zake zitahesabiwa ni za kliniki. Mshahara ni mshahara, saa ni saa.

Mama_Minnesota
Shemeji yako hajakudanganya, wenzetu huku tupo wengi. Lakini leseni huku inaitwa LICSW na saa ni 4,000, za usimamizi 200, za kukaa na wateja 1,800. Juu yake kuna saa 360 za masomo ya kliniki, na masta nyingine hazizifikishi, unarudi kuziba pengo. Njoo kwa ajili ya ndugu, baba. Kwa ajili ya leseni, baki huko. Na Januari ya huku sitaki hata kuisimulia.

Kobe_Mwendo
Wote mmesema saa, hakuna aliyesema saa zinavyopotea. Nilikuwa na msimamizi mzuri, mama wa watu, ana LCSW yake ukutani kwenye fremu. Kila Alhamisi jioni saa nzima, ananichambua kesi mpaka chai inapoa. Miezi saba. Siku nakusanya karatasi ndipo nikajua kwamba Texas inataka msimamizi aliyeidhinishwa na bodi ya leseni, yaani LCSW-S. Yeye hakuwa na hiyo S. Miezi saba ikaenda na maji, na mwajiri aliyenipangia huyo mama akaniambia pole, basi. Kuangalia jina kwenye tovuti ya bodi ni dakika mbili.

Mzaramo_Houston
Duh. Pole sana mkuu. Na mtihani je? Kiingereza changu ni cha halmashauri.

BintiPwani
Kiingereza siyo shida kubwa kama mtego wenyewe. Wanakupa kisa, majibu kadhaa, yote mazuri, wanauliza utafanya nini KWANZA. Mama kapigwa, yuko mbele yako analia. Sisi tungekimbilia kuita wazazi wa pande zote mbili wakae. Mtihani unataka kwanza ujue kama usiku huo ana pa kulala salama. Uliza pia bodi kuhusu muda wa ziada kwa ambao Kiingereza siyo lugha yao ya kwanza. Baadhi ya majimbo yanaruhusu.

Mzaramo_Houston
Nimeelewa. Minnesota tutaenda kusalimia tu. Kesho naandikia Kijitonyama wanitumie transkripti, nipeleke CSWE. Halafu kuna dada wa kanisani kwetu alishaniahidi kunisimamia nikimaliza. Nimetafuta jina lake kwenye tovuti ya bodi sasa hivi, mama watoto kasimama nyuma yangu. S hana.