Nani kawaambia Warumi waliishia msitu wa Teutoburg, Ujerumani, mwaka wa 9 BK?

Wakuu poleni na majukumu, ila mimi usiku wangu umeshaharibika. Nimeunguza bando kuangalia video ya lisaa lizima eti "historia kamili" ya vita vya Warumi na Wagermanik (makabila ya Ujerumani ya kale). Jamaa kaeleza weee, Arminius, kiongozi wa Wagermanik, alivyomwingiza mkenge Varus, jemadari wa Kirumi, legioni (vikosi vikubwa vya jeshi) tatu zikateketea msituni, Kaisari Augusto anagonga kichwa mlangoni anadai arudishiwe legioni zake, halafu PAP, "tangu hapo Warumi hawakuvuka tena mto Rhine", muziki, kwaheri. Kamili gani hiyo??

Sasa Germanicus, jemadari wa Kirumi, alivuka nini, mtaro? Mwaka wa 14 kashaingia, kawakuta Wamarsi, kabila la Kigermanik, usiku wa sikukuu yao wamelewa chakari hata mlinzi hawajaweka, kachinja mpaka wazee na watoto. Mwaka wa 15 kamchukua Thusnelda, mke wa Arminius, ana mimba, na aliyemkabidhi ni baba yake mzazi Segestes, yule yule aliyemwonya Varus kuhusu huyo mkwe akapuuzwa. Yaani familia nzima ya bongo muvi na video haijawagusa!

Halafu mwaka huo huo wakafika kwenye msitu wenyewe, miaka sita imepita, mifupa imezagaa myeupe, mafuvu yamepigiliwa kwenye miti, askari wanazika hawajui huyu ni ndugu yangu au mgeni. Msiniambie Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyeyaandika hayo, katunga, maana pale Kalkriese, Ujerumani, panapodhaniwa ndipo vita vilipiganwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mashimo yenye mifupa ya watu imechanganyika na ya nyumbu, na inaonyesha ilikaa juu ya ardhi miaka kadhaa kabla ya kufukiwa.

Aliyewarudisha Warumi ni Tiberio, Kaisari aliyemfuata Augusto. Mwaka wa 16 Germanicus kashinda vita vya Idistaviso, wakati wa kurudi dhoruba ikamzamishia meli kibao, Tiberio akapiga hesabu akamwita nyumbani, waacheni wagombane wenyewe. Na kweli, Arminius kaja kuuawa na ndugu zake.

Na Harzhorn je? Huko ni ndani ya Ujerumani, Rhine iko mbali, wamekuta uwanja wa vita wa karne ya 3, zaidi ya miaka 200 baada ya Varus! Vichwa vya mishale, misumari ya viatu vya askari, mpaka kiatu cha chuma cha mnyama wa mizigo. Hao nao walipotea njia?

Nimemwekea komenti ya adabu kabisa. Kafuta.