Mtungi wa gesi unaota barafu, moto unafifia wakati gesi bado imo. Msaada wakuu

chipsi_njombe: Habari wakuu. Nakaanga chipsi Njombe mjini, mtungi wa kilo 15, jiko la plate mbili kubwa. Baridi hii asubuhi moto unawaka vizuri, wateja wakichanganya tu unabaki wa kibatari. Mtungi chini umeota barafu nyeupe, na nikiutikisa nasikia majimaji yanacheza. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema ni kanuni ya Boyle, gesi ikipungua presha inashuka. Au nimepunjwa?

fundi_majiko: Badili regulata kwanza.

mamantilie_1: Mimi nauweka kwenye beseni la maji ya moto, unarudi fasta.

ticha_kemia: Dada yangu, hilo beseni acha kabisa. Presha itapanda bila wewe kujua imefika wapi.

Mkuu chipsi, Boyle anahusu gesi tupu ambayo joto lake halibadiliki. Mtungi wako una kimiminika, ndiyo hayo majimaji. Kinatoa mvuke mpaka presha ifikie kiwango cha joto la wakati huo, basi. Ukitumia mvuke, mwingine unapanda kuziba pengo. Ndiyo maana mtungi uliojaa na uliobaki robo, joto likiwa sawa, presha zake zinakaribiana sana.

Kinachokusumbua ni joto. Kimiminika hakigeuki mvuke bure, kinanyonya joto kutoka kwenye chuma. Plate mbili zikivuta kwa pamoja, mtungi unapoa haraka kuliko hewa ya nje inavyoweza kuupasha, na presha inashuka nao. Halafu gesi ya kupikia kwa kawaida ni propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Kwenye nyuzi 20, propani peke yake ina presha zaidi ya mara 8 ya ile ya hewa ya usawa wa bahari, butani kama mara 2 tu. Sasa propani ndiyo inayotangulia kutoka kwa wingi, kwa hiyo mtungi ukielekea mwisho unabaki na butani nyingi. Kwa baridi ya huko, lazima ichoke.

chipsi_njombe: Shukrani ticha. Mtungi nimeufunga gunia usipate baridi. Nifanyeje?

ticha_kemia: Gunia litoe! Linazuia joto la hewa lisiufikie. Tafuta fundi mzoefu akuunganishie mitungi miwili, kila mmoja utavutwa nusu. Na usiulaze hata siku moja, kimiminika kitatoka kwenye mpira badala ya mvuke.

fundi_majiko: Kuhusu kupunjwa, pima. Soma namba ya TW iliyogongwa kwenye mtungi, huo ndio uzito wake mtupu, kisha uitoe kwenye uzito wa mzani.

chipsi_njombe: Nimepima kwa muuza viazi, zimebaki kilo 9. Kuna mtu Njombe anauza mtungi mtupu wa 15?