Gia ya daktaili inakatika meno baada ya kuchomwa, msaada wakuu

FundiPasua: Habari za kazi wakuu. Niko Moshi, natengeneza mashine za kukamua miwa. Gia ananimiminia jamaa mmoja kwa chuma cha daktaili (kasti isiyovunjika kirahisi), meno nachonga mwenyewe. Nikiifunga kama ilivyo, meno yanalika mapema. Nikashauriwa niichome hadi iive nyekundu, niitose kwenye maji. Kweli ikawa ngumu, hata tupa haiingii, lakini mteja wa Boma Ng'ombe kairudisha meno mawili yamekatika. Nifanyeje?

KijanaSakina: Mkuu achana na maji, tosa kwenye oili chafu ya gari.

TanuriThemi: Ndugu yangu wa Moshi, oili itapunguza nyufa tu, ugonjwa utabaki palepale. Tuanze na chuma chenyewe. Kwenye kasti ya kawaida, yaani chuma cha kumimina, grafiti (kaboni iliyojitenga ndani ya chuma) imekaa vipande bapa, na ufa unaanzia kwenye ncha zake. Mwaka 1943 Keith Millis wa kampuni ya INCO, Marekani, alitia magnesi kidogo kwenye chuma kilichoyeyuka, grafiti ikatoka vidonge vya mviringo. Ndiyo daktaili hiyo. Vidonge havigeuzwi na moto wako. Kinachogeuka ni chuma kinachovizunguka, na mafundi wengi hapo ndipo wanapopotea.

Ukikifikisha nyuzi 900 za Selsiasi hivi, chuma hicho kinakuwa austenaiti, yaani hali yake ya kwenye moto mkali, na kinanyonya kaboni. Baada ya hapo upoaji ndio unaoamua. Kikipoa taratibu humohumo tanurini unapata feraiti, laini, inavutika hata asilimia 18 kabla ya kukatika. Kwa gia haifai. Kikipoa hewani unapata perlaiti, yenye nguvu zaidi na inayostahimili kulika. Ukikitosa majini unapata martensaiti, ngumu sana na imejaa mkazo ndani. Martensaiti haitumiki mbichi! Lazima irudi kwenye moto, nyuzi 450 hadi 600, ipungue ukali. Gia yako imeenda kazini bila hatua hiyo.

Mimi kwa gia naipenda austempa kuliko zote. Gia inatoka kwenye nyuzi 900 inaingia moja kwa moja kwenye chumvi iliyoyeyuka, kati ya nyuzi 250 na 400, inakaa humo saa moja au mbili. Inazaa ausferaiti: ngumu, na bado inavumilia kishindo. Chumvi ya karibu nyuzi 280 inakupa ugumu, ya 370 inakupa uvumilivu. Ukiitoa mapema, sehemu iliyobaki inageuka martensaiti ikipoa. Ukiisahau humo muda mrefu mno, kabaidi (muungano mgumu wa chuma na kaboni) inajitenga na meno yanaanza kukatika tena.

FundiPasua: Shukrani sana mkuu. Chumvi sina, na kusema kweli naiogopa. Nina tanuri la umeme lenye kipimajoto. Halafu nitajuaje kama jamaa ananipa daktaili kweli?

TanuriThemi: Endelea kuiogopa, maji kidogo yakiingia kwenye chumvi ya moto inakurukia usoni. Kwa tanuri lako, weka 900, hesabu saa moja kwa kila milimita 25 za unene, kisha itoe ipoe juu ya wavu, hewa ipite pande zote. Usiilaze sakafuni, upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na gia itapinda. Chonga meno baada ya hapo. Kwa miwa hiyo itakutosha, sioni haja ya kutosa popote.

Kuhusu jamaa: ining'inize gia kwa waya, igonge na nyundo ndogo. Daktaili inalia kama kengele, kasti ya kawaida inatoa mlio mfupi uliokufa. Ukipata chuo chenye hadubini, kata kipande, king'arishe, kiangalie kwa ukuzaji wa mara 100. Ukiona vipande bapa badala ya vidonge, mrudishie mzigo wake, tanuri halitakusaidia.

Na zile ulizokwisha tosa ambazo hazijakatika, usimpe mtu. Zipake mafuta ya taa, zifute zikauke, paka chaki shinani mwa meno. Penye ufa mafuta yatachora mstari kwenye chaki. Zenye mstari ni chuma chakavu. Nyingine zirudishe kwenye 900 zipoe hewani.