Beringi 6313 inakufa kila miezi mitano tangu tufunge inveta

Pampu3B:
Wakuu, heshima kwenu. Mota ya 55 kW, poli nne, 1480 rpm, inaendesha pampu ya maji kupitia kapilingi ya mpira. Ilipokuwa inawashwa kwa sta-delta (kiwashio cha kawaida cha hatua mbili) beringi zilikaa miaka. Tangu ifungwe inveta, kifaa cha kubadili kasi ya mota, beringi ya upande wa feni (6313 C3, C3 ni nafasi ya ndani iliyo kubwa kuliko kawaida) inaanza kulia baada ya miezi minne au mitano; ya upande wa kapilingi bado nzima. Alaimenti (mnyooko wa shafti ya mota na ya pampu) imepimwa kwa leza, iko chini ya 0.05 mm. Grisi tunaweka kila mwezi. Mtetemo ni 1.9 mm/s, ripoti inasema mashine nzima, lakini kelele unaisikia ukiwa bado mlangoni. Tuanzie wapi?

Gololi:
Hiyo 1.9 isikudanganye, mkuu. Kwa ISO 20816-3, kiwango cha kimataifa cha mtetemo, mota ya ukubwa huo kwenye msingi mgumu inaingia ukanda C (usiofaa kwa kazi ya muda mrefu) ikivuka 2.8 mm/s, kwa hiyo kwenye karatasi uko salama. Ila hapo unapima kasi ya mtetemo, na kipimo hicho hukamata zaidi shafti isiyo na balansi au alaimenti mbaya. Kasoro changa ya beringi hugonga kwa masafa ya juu. Itafute kwenye mchapuko, kwa kipimo cha envelopu, kinachochuja migongo ya masafa ya juu na kuonyesha inajirudia mara ngapi.

6313 ina gololi 8. Kwa mizunguko 24.7 kwa sekunde, kasoro ya ringi ya nje itajitokeza karibu na 0.4 × 8 × 24.7, yaani 79 Hz, na ya ndani karibu na 118 Hz. Hayo ni makadirio, namba kamili zimo kwenye katalogi. Andika kasi halisi ya mota wakati wa kupima, maana inveta ikishusha kasi, kilele nacho kinahama.

Mzee wa Grisi:
Kila mwezi ni nyingi mno! Kiasi ni 0.005 × kipenyo cha nje × upana: 0.005 × 140 × 33 = gramu 23, na kwa kasi hiyo unaongeza baada ya maelfu ya saa. Pima bunduki yako kwenye mizani: mbano kumi, gawa kwa kumi. Fungua tundu la kutokea grisi ya zamani huku mota ikizunguka, la sivyo grisi inasukumwa ndani kwenye waya za mota. Na usichanganye ya poliurea na ya lithiamu, nyingi hazipatani. Zinaachia mafuta na kuvuja.

Inveta_na_Ethi:
Mzee, hesabu yako ni sahihi, lakini grisi ikizidi ingeumiza beringi zote mbili, na isingengoja inveta ifungwe. Huu ni umeme wa kwenye shafti. Inveta inakatakata volti maelfu ya mara kwa sekunde, shafti inajichaji, halafu chaji inaruka kupitia utando wa grisi kati ya gololi na ringi. Kila mruko unayeyusha kidoa cha chuma.

Pampu3B, weka alama juu ya beringi kabla hujaitoa, kisha kata ringi ya nje kwa grinda. Ukiona mistari ya kukingama iliyopangana kama migongo ya bati, na grisi imekuwa nyeusi, jibu umelipata. Malitimita ya kawaida usiiamini kwa volti ya shafti. Tumia oskiloskopu na brashi ya kaboni.

Pampu3B:
Tumekata. Mistari ipo ringi ya nje, upande wa chini, na grisi nyeusi tii. Je, beringi yenye kihami (tabaka lisilopitisha umeme) upande wa feni peke yake inatosha?

Inveta_na_Ethi:
Haitoshi. Ukiziba upande mmoja chaji bado ipo, itatafuta beringi ya kapilingi. Weka ya kihami upande wa feni (kwa SKF namba inaishia VL0241), na upande wa kapilingi funga ringi ya kuethi shafti, inayoipeleka chaji kwenye bodi ya mota badala ya beringi. Hapo ringi hiyo inapogusa futa rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Pampu inakingwa na kapilingi ya mpira, mradi boliti zisigusanishe chuma kwa chuma.

Kisha kagua kebo: iwe ya shildi (waya wa kusukwa unaoizunguka), na shildi ibanwe mzunguko mzima kwenye glandi pande zote mbili, kuisokota mkia na kuifunga chini ya skrubu hakusaidii kwa masafa haya. Kama masafa ya inveta ya kukatakata volti yamewekwa 8 au 12 kHz, yashushe hadi 4 kama mtengenezaji anaruhusu. Mota itapiga mluzi zaidi, usishtuke.