Tupeane uzoefu: uliyenunua au kujenga ploti ya ufuoni Mombasa, yalikukuta yapi?

BintiMtongwe:
Salaam aleykum wadau. Marehemu baba alituachia ploti Mtongwe, upande wa chini inatazama maji. Kabla ya kujenga vyumba vinne vya kupangisha tulimwita sarveya atuonyeshe mawe ya mpaka. Kaka yangu akamwonyesha mstari wa mwani mkavu: maji huishia hapa. Mzee wa watu akacheka, akauliza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Tukahesabu, mwezi tisa, maji mafu, yale yasiyopanda sana. Akasema atarudi mwezi kumi na sita.

Akarudi, bamvua, siku za maji kujaa na kukupwa mno, saa kumi jioni. Maji yakaupita mwani wetu, yakapita na kisiki cha mnazi, yakaingia kwenye shimo la msingi wa jiko ambalo fundi alikuwa keshalichimba. Kumbe hati yetu inaishia kwenye alama ya maji kujaa. Kutoka hapo hadi maji yanapokupwa ni ardhi ya umma, imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 62. Mliotangulia, hebu semeni.

MjingaWaUkuta:
Jina nimejipa mwenyewe. Fundi alinambia ukuta si nyumba, hauna haja ya kibali. Tukapanga mawe na saruji, futi sita kwenda juu. Wiki ya tano nikakuta X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Kumbe kibali cha ujenzi hutoka kaunti, kwa ile sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, na kazi ya ufuoni hivi NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, nao wanataka tathmini ya mazingira.

Bado nahangaika na karatasi, kusi likaingia. Wimbi likipanda mchangani hufa pole pole. Likigonga ukuta wima halifi, linarudi na mchanga wa mguuni mwa ukuta. Asubuhi moja nikakuta msingi unaning'inia, ndoo inapita chini yake. Na pale ukuta ulipoishia, kwa jirani, bahari imemla hatua nne za shamba. Hanisalimii mpaka leo, na simlaumu.

MshikaCheni:
BintiMtongwe, huyo sarveya wako mshike. Nimewashikia masarveya cheni ya kupimia miaka mingi, wengi wao hawaulizi mwezi.

Kinachonichosha ni hili la mita 60. Kila mtu "sheria ni kuacha mita 60 kutoka baharini", hata wauza ploti. Hizo ni kanuni za upimaji za 1994, nazo zinazungumzia ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa, inapopimwa ili igawiwe. Hapo ndipo huachwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa, na waziri anaweza kuupunguza. Hati za kale za Pwani, zile za sheria ya hati za ardhi ya 1908, ziko zinazofika mpaka kwenye alama yenyewe. Ndiyo maana utaona majirani wawili, mmoja amerudi nyuma, wa pili baraza lake linarushiwa maji. Lakini kibali ni wote, hati ya kale haikupi ruhusa ya kujenga.

MamaViazi:
Mimi sina ploti, nina karai la viazi karai. Huku kwetu Bamburi njia ya kuteremka bichi iliwekwa geti jeusi, askari anakuuliza waenda kwa nani. Kwa bahari, namjibu. Wavuvi wakawa wanazunguka na mashini za boti begani. Mwalimu mmoja mstaafu akaenda kununua ramani ya upimaji, na njia imo, imechorwa barabara ya umma. Vikao zaidi ya mwaka. Geti halijang'olewa, linaachwa wazi tu, na askari bado anauliza.

HoriLaTudor:
Nyinyi mna mchanga, sisi wa hori tuna tope na mikoko. Mimi nilionyeshwa ploti saa nne asubuhi, bamvua, maji yamekupwa, panang'aa kama uwanja wa mpira. Nikatoa arbuni. Jioni nimemleta mke wangu aone, pana mtumbwi unapita. Aliyeniuzia alinambia nimwage kifusi tu. Mikoko ya pwani hii ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932! Arbuni sikurudishiwa.

MjingaWaUkuta:
Angalau wewe ulimleta mkeo. Mimi wangu nilimficha risiti za saruji.

SwafiyaK:
Na sisi wa nyumba bila ardhi? Nyumba ni ya bibi, kila mwezi twampelekea mwenye ardhi kodi yake. Tukitaka kubadilisha makuti tuweke ghorofa, kibali tunaomba kwa jina la nani?

MshikaCheni:
Dada, bila idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi hufiki mbali, na wengi wao hawatii sahihi, wanaogopa utajiimarisha. Ukikataliwa na kaunti una siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya usuluhishi, kisha mahakama ya ardhi na mazingira. Hizo 14 huwapita watu wakiwa bado wanatafuta mtu anayemjua mtu.

BintiMtongwe:
Ahsanteni sana. Vyumba vimekuwa vitatu, jiko limepanda juu karibu na barabara. Kaka bado kanuna. Lile shimo hatujalifukia. Jana watoto walitoa kaa wawili mle.