Kikundi cha familia: kalipa ya gari ya mama

Juma: Shikamooni wote. Mjomba Rajabu, gari ya mama tairi la mbele kushoto linachemka, nadhani pistoni ya kalipa, ile inayobana pedi za breki kwenye diski, imeganda. Nataka kuishusha leo, ila rabaa zake nazipata kesho kwenye maduka ya Gerezani. Nikifungua hozi, mafuta ya breki si yatavuja usiku kucha?

Mjomba Rajabu: Marahaba. Yatavuja, tena kichupa cha mafuta ya breki kikikauka upepo unaingia hadi masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Kama gari ina ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, ndiyo balaa zaidi, kuutoa upepo mle ni kazi.

Juma: Fundi wa jirani kasema niibane hozi na koleo.

Mjomba Rajabu: Usithubutu! Meno ya koleo yanaichana hozi kwa ndani, nje unaiona nzima. Kile kipande kilichochanika kinaziba njia: ukikanyaga mafuta yanakwenda, ukiachia hayarudi. Breki inabaki imeshika, ugonjwa ule ule unaotaka kuutibu.

Mjomba Rajabu: Na kwanza hakikisha ni pistoni kweli. Inua gari na jeki, weka stendi, mtu akanyage breki aachie. Tairi likiwa gumu kuzunguka, legeza kile kinati cha kutolea upepo. Likilegea papo hapo, tatizo liko juu, mara nyingi hozi. Likibaki gumu, ni kalipa.

Juma: Nimejaribu sasa hivi. Bado gumu.

Mjomba Rajabu: Basi ni kalipa. Sasa hozi usiiguse kwanza. Ing'oe kalipa kwenye diski, itundike kwa waya isining'inie kwenye hozi, toa pedi, weka ubao mahali pake. Kanyaga breki taratibu, nguvu ya mafuta iisukume pistoni nje, lakini isitoke yote. Ukishafungua hozi utahitaji kompresa kuitoa.

Dada Mwanaidi: Juma vidole visiwepo karibu na hiyo pistoni tafadhali 🙏🏾

Mjomba Rajabu: Sawa kabisa Mwanaidi. Pistoni ikishatoka kiasi, vika mpira kwenye kinati, upande wa pili tia kwenye chupa. Kilegeze, shusha pedali sentimita 4 hadi 5, ikaze hapo kwa ubao unaoegemea kiti. Mafuta yataacha kushuka. Ndipo ufungue bolti ya hozi.

Juma: Kwa nini yanaacha?

Mjomba Rajabu: Kichupa kinalisha masta silinda kwa tundu dogo. Pedali ikishuka kidogo, rabaa ya ndani inalipita lile tundu na kuliziba. Yatadondoka tu yaliyobaki kwenye hozi. Mdomo wa hozi uvike mfuko safi wa plastiki, ufunge na raba bendi, mchanga usiingie.

Mama Juma: Na huo ubao ukikaa hadi kesho, taa za nyuma si zitawaka usiku mzima?

Mjomba Rajabu: Dada umenena. Juma, chomoa waya wa hasi wa betri. Asiyejua asiuguse ubao huo, watoto hasa.

Juma: Nimeandika kikaratasi kwenye usukani. Mafuta ninayo, kopo la mwaka jana limebaki nusu.

Mjomba Rajabu: Hilo kopo achana nalo. Mafuta ya breki yananyonya unyevu. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Mama yako wiki ijayo anakwenda Iringa. Ule mteremko wa Kitonga akiwa anarudi, mafuta yakichemka pedali inazama hadi chini. Nunua kopo jipya, soma kifuniko cha kichupa kimeandikwa DOT gani.

Dada Mwanaidi: Nitakuletea mimi nikitoka kazini kesho.

Mjomba Rajabu: Lete na washa (vile vipete bapa) 2 mpya za shaba, moja inakaa juu ya mdomo wa hozi na nyingine chini, za zamani hazizibi vizuri. Juma, yakidondokea rangi mwaga maji mengi hapo hapo, yanaibabua.

Juma: Sawa mjomba. Kesho nikifunga nitatoa upepo tairi hilo tu?

Mjomba Rajabu: Kama kichupa hakijakauka, hilo tu linatosha. Pedali ikiwa laini, rudia yote manne. Nipigie kabla gari haijatoka getini, nataka unieleze pedali inasimama wapi.